Eda Yangu na Mipaka ya Algarve

20 Februari

Wageni wa matanga wameondoka, viti vya kukodi vimechukuliwa. Mume wangu Jaifar alikufa Ijumaa iliyopita, ghafla, moyo, akiwa anavaa kofia kwenda msikitini. Hatukujaaliwa watoto, kwa hiyo nyumba hii yote sasa ni mimi, msichana wetu wa kazi Nambi, na makabati.

Na wifi yangu Hajar. Dada mkubwa wa Jaifar amehama kwake Matrah kuja kukaa nami hapa Madinat Sultan Qaboos, Maskati, mpaka nimalize eda. Miezi minne na siku kumi: nisitoke, nisijipambe, nisitie manukato, nisionane na mwanamume asiye maharimu wangu. Kila jirani ananiambia nina bahati ya kuwa na wifi kama huyu. Mimi najibu "Alhamdulillahi" na kunywa kahawa yangu.

23 Februari

Dakta Hatem, msimamizi wangu chuoni, alipiga simu kunipa pole. Alijikwaajikwaa kama dakika nzima, kisha akasema alichopigia. Utetezi wa tasnifu yangu umewekwa tarehe 16 Juni. Eda yangu itakwisha wiki ileile, lakini baada ya siku hiyo. Nimekwisha kuongezewa muda mara mbili, baraza la chuo halitaki kusikia mara ya tatu. Nisipokaa mbele ya watahini siku hiyo, kwa mwili wangu, jina langu linafutwa, na kazi ya miaka sita inakuwa karatasi za kufungia visheti.

Nikamwambia nitaangalia. Sijui nitaangalia nini.

26 Februari

Nimemweleza Hajar. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Na hiyo tasnifu yenyewe inahusu nini?"

"Algarve. Jimbo la zamani la Ureno, kule kusini kabisa. Namna lilivyotawaliwa na namna mipaka yake ilivyokaa."

"Ureno!" Hapo akainua kichwa. "Watu waliokuja na mizinga wakatukalia Maskati hapa, mpaka wazee wetu wakawafurusha, wee ndo unawaandikia kitabu?"

Nikamwambia kabla ya kuwa ya Wareno nchi ile ilikuwa ya Waislamu, na jina lake bado ni la Kiarabu, al-Gharb. Akasema basi wangebaki nayo. Na mimi nimekaa miaka sita nikitafuta namna ya kusema hivyo kwa kurasa mia tatu.

1 Machi

Hajar ni mwanafunzi wa darsa ya Maalim Ibtihal, mwanamke ambaye neno lake katika ukoo wetu halipingwi. Nilimwomba amuulizie: mwenye eda anaweza kutoka mchana mmoja kwa mtihani usiosubiri, akarudi kulala nyumbani? Ningeweza kumpigia mwenyewe. Sikupiga. Mjane wa wiki mbili anayetafuta ruhusa ya kutoka, watu wana jina la kumwita.

Leo amerudi na jibu. "Kasema hapana. Shahada si dharura."

Nikasema sawa.

2 Machi

Ramadhani imeingia. Sijampikia Jaifar futari kwa mara ya kwanza tangu tuoane.

9 Machi

Sijamwandikia Dakta Hatem kwamba siji. Kila siku nasema kesho. Badala yake ameniletea barua ya mtahini wa nje, ambaye anataka ramani mbili mpya. Ya kwanza ionyeshe sura ya nchi: milima kaskazini, katikati ukanda wa mawe ya chokaa wanakoota milozi na mikharoubu, miti ya maganda matamu, kisha pwani. Ya pili ionyeshe makao ya utawala yalivyohama, kutoka Silves ya zama za Waislamu, hadi Lagos, hadi Tavira baada ya tetemeko kubwa la mwaka 1755 kuibomoa Lagos, hadi Faro.

Nitazichora. Kuchora si kutoka nje.

14 Machi

Nachora baada ya adhuhuri, Hajar akiwa amelala. Nikimsikia anakohoa nazikunja na kuzitia kwenye kabati la Jaifar, chini ya kanzu zake. Mtu mzima wa miaka arobaini na saba, najificha na penseli ndani ya nyumba yangu.

Katika kuchora nimegundua tena kilichonivutia mwanzo. Jimbo hili pande mbili ni bahari, mashariki ni mto Guadiana, na kaskazini ni milima. Sancho wa Kwanza aliiteka Silves mwaka 1189 akajiongezea cheo, na baada ya miaka miwili mji ukamponyoka. Afonso wa Tatu ndiye aliyemaliza kazi, 1249. Toka hapo kila mfalme wa Ureno akajiita pia mfalme wa Algarve, mpaka ufalme wenyewe ulipokufa mwaka 1910. Lakini ufalme huo wa pili haukuwa na bunge lake wala sheria zake. Ulikuwa cheo tu, na watu wakauheshimu miaka zaidi ya mia sita.

Hajar naye ana cheo katika nyumba hii ambacho sikumbuki nani alimpa.

30 Machi

Usiku wa Idi. Hajar alichoma udi ukumbini, kisha akakumbuka, akauzima kwa maji.

8 Aprili

Shemeji yangu Thani, mkubwa wa ndugu wote, alikuja kutusalimu. Nilikaa nyuma ya mlango, yeye ukumbini. Hajar keshamfikishia habari za chuo.

"Masouda, mwanangu, shahada haikimbii," akasema. "Heshima ya maiti ndiyo inayokimbia. Watu wanatutazama."

Nikamjibu kwamba shahada hii inakimbia na ina tarehe. Kisha nikasikia kikombe kikiwekwa kwenye kisahani, na Hajar akaanza kuzungumzia joto.

Baada ya kuondoka, Hajar alinijia jikoni. "Hukupasa kumjibu vile."

"Nilimjibu vipi?"

"Vile unavyonijibu mie."

21 Aprili

Joto. Ramani ya kwanza imekamilika.

2 Mei

Ya pili karibu. Nimetia wino kila kitu isipokuwa Faro. Mwaka 1835 serikali iliyafuta majimbo ikaweka wilaya, na Algarve ikaamka asubuhi ikiitwa Wilaya ya Faro, mipaka ileile, vijiji vilevile. Miaka mia moja baadaye, 1936, wakalirudisha jimbo, na mipaka ikawa ileile. Nacheka peke yangu. Jaifar angeniuliza nacheka nini, ningemweleza, na yeye angejitia kuelewa.

Hajar amenisikia nikicheka. Aliingia, akanitazama, akatoka.

11 Mei

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Nililala baada ya adhuhuri. Nilipoamka nikaenda kwenye kabati la Jaifar kuchukua ramani. Kabati tupu. Hata vibanio havimo.

Hajar alikuwa ukumbini anashona kofia.

"Dada Hajar, vitu vya Jaifar viko wapi?"

"Nimevitoa sadaka. Nguo za maiti hazikai ndani, nshakwambia toka Ramadhani. Gari imekuja imechukua magunia."

"Mle kabatini mlikuwa na karatasi chini ya kanzu. Karatasi kubwa, zimekunjwa."

"Karatasi gani?"

"Ramani zangu."

Sindano ikasimama. "Na ramani zako zilikuwa zinatafuta nini ndani ya nguo za ndugu yangu?"

Mficha uchi hazai, wazee walisema. Sikupiga picha hata moja, nilikuwa nangoja nimalize wino. Miezi miwili ya kazi, na tarehe 16 Juni iko mlangoni. Nilikaa chini pale pale sakafuni na machozi yakanitoka, mbele yake, bila kujizuia.

Akaiweka kofia pembeni. Kisha akasema, bila kupaza sauti, "Ndugu yangu hukumlilia. Siku ya maziko nlikuwa nakutazama. Hata chozi. Lakini karatasi unazililia."

Ni kweli. Siku ya maziko nilikuwa nahesabu vikombe vya kahawa ili nisianguke. Nimeingia chumbani nikafunga mlango. Nadhani alijua zilikuwamo. Kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii nguoni kwelikweli.

12 Mei

Asubuhi Nambi aliniletea chai akafunga mlango nyuma yake.

"Madam, ile gari mimi naijua. Ni ya stoo ya sadaka, kule mtaa wa Ghala, nyuma ya magaraji. Dada mmoja wa kanisa letu anafanya kazi hapo karibu. Anasema kabla ya kutuma nguo wanazichambua kwanza, wiki moja hivi."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Tukienda leo tutapata."

Nikavaa abaya. Sikufikiri. Nilipofika mlango wa mbele, Hajar alikuwa amesimama pale, mgongo kwenye mbao, shungi kichwani.

"Unakwenda wapi?"

"Ghala."

"Umo edani."

"Najua nimo nini."

"Ukivuka hapa, Masouda, nampigia Thani. Wallahi nampigia."

"Mpigie. Mwambie na nani aliyezitoa."

Tukasimama hivyo. Nilikuwa na nguvu za kumsukuma. Ni mwembamba, ana miaka sitini na mbili, na mkono wangu ulikuwa umekwisha inuka. Naliandika kwa aibu. Mkono ulikuwa umeinuka.

Nadhani aliuona. Hakusogea, lakini uso wake ukabadilika, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kutoka chumba kingine.

"Kaa," akasema. "Ntakwenda mie."

Akachukua mkoba wake na kumwita Nambi, wakaondoka kwa teksi.

Saa zile sikuwahi kuziona ndefu hivyo. Adhuhuri ikapita. Alasiri ikapita. Nilisali, nikaosha vyombo vilivyo safi. Nje joto lilikuwa la kupasua mawe, na niliwaza mwanamke yule anapekua magunia kwenye stoo ya mabati, na sikujua kama namwombea au namlaani.

Walirudi kabla ya magharibi. Nambi akaniwekea ramani mezani. Zote mbili. Zimekunjamana, moja ina alama ya kiatu juu ya Tavira, lakini zote mbili. Hajar alikuwa mwekundu uso mzima na nguo zimemganda. Mkononi alikuwa na kanzu moja ya Jaifar, ile ya rangi ya majivu yenye kishada cheupe kifuani.

"Hii sikuweza kuiacha," akasema. "Bado ina harufu yake."

Akakaa, akaitia usoni, akalia kwa sauti ambayo sijaisikia hata siku ya maziko. Nami nikakaa karibu yake, nikashika ncha ya pindo, na hapo ndipo nikamlilia mume wangu. Sikuwa na karatasi kichwani. Nilimlilia yeye, mguu wake wa baridi kitandani, jina langu namna alivyolitamka.

Tulipotulia Nambi akatuletea maji. Hajar akanywa, akaweka glasi.

"Masouda. Maalim Ibtihal hakusema hapana."

Sikuelewa.

"Nlimuuliza siku ileile. Alinambia inajuzu. Mchana, kwa haja, ukarudi kulala kwako. Alisema hata dua atakuombea. Mie ndo niliyesema hapana."

"Kwa nini?"

"Nlijua ukitoka mlango ule, matanga yamekwisha. Wee una chuo, una watu, una Ureno yako. Mie nna nani? Nlikuwa nna ndugu mmoja aliyekuwa akinijia kila Alkhamisi. Nkaona madhali wewe umo ndani, bado kuna mtu anamkalia matanga."

Miezi miwili na zaidi. Nilinyanyuka nikaingia chumbani. Naandika haya na sijui hasira yangu niiweke wapi, maana kila nikiinyanyua inakutana na ile kanzu.

13 Mei

Sisemi naye.

14 Mei

Sisemi naye. Nambi anapeleka maneno ya chumvi na sukari baina yetu kama balozi.

16 Mei

Niliamka nikamkuta Hajar kwenye meza ya pasi. Ametandaza ramani ya kwanza, juu yake kitambaa cha melimeli kilicholowa kidogo, na anapitisha pasi polepole, moto mdogo, toka milimani kuteremka mpaka pwani. Hakusikia nikiingia.

"Usiweke muda mrefu mashariki," nikasema. "Wino wa mto ni mzito zaidi."

"Mto wenyewe ndo huu?"

"Ndio. Ng'ambo ni Uhispania."

"Na hawa hawakupigania mto?"

"Walipigania sana. Wakapatana mwaka 1297, na mpaka ukakaa."

Akaihamisha pasi. Hatukuombana radhi. Lakini chai ya leo tulikunywa meza moja.

20 Mei

Nimemwandikia Dakta Hatem: nitakuja.

27 Mei

Thani amepata habari. Hajar aliongea naye kwa simu jikoni, nami nilisikia upande mmoja.

"Aliyesema si mie, ni Maalim Ibtihal. Kamuulize... Najua nlikwambia hapana. Nlisema uongo, Thani, uongo wangu mwenyewe... Watasema, na midomo ni yao... Hapana. Mie ntakwenda naye."

Kisha akasikiliza, akakata. Hakuniambia Thani alisema nini. Usoni nikaona kwamba jambo halijesha.

6 Juni

Idi kubwa. Thani hakuja.

10 Juni

Hajar ananihoji kila baada ya alasiri, kofia na sindano mkononi. Maswali anayatunga mwenyewe, na mengine ni makali kuliko ya watahini. Leo: "Sasa kama mfalme hakuwapa sheria zao wala bunge lao, hao watu wa huko walifaidika nini na kuitwa ufalme?" Nilizungumza robo saa. Akasema, "Hujajibu." Nilikasirika, nikaenda kuoga, na chini ya maji nikaona kwamba kweli sikujibu.

15 Juni

Ujumbe kutoka kwa Thani, kwa sisi wote wawili: atakuja asubuhi "tuzungumze kabla halijatendeka." Hajar aliusoma, akauliza utetezi ni saa ngapi, akaenda kulala.

16 Juni

Saa moja na nusu gari la Thani lilikuwa limeziba geti. Alilisimamisha kwa upana, nyuma kabisa ya gari la Jaifar, na yeye ndani yake, kioo juu, ubaridi wa gari unanguruma. Mimi nilikuwa nimekwisha vaa, ramani kwenye bomba lake. Teksi tuliyoiita isingeweza hata kusogea mlangoni. Utetezi ulikuwa saa tatu.

Hajar akatoka. Nilimtazama kwa dirisha la jikoni. Aligonga kioo, kikashuka. Aliongea. Thani akatikisa kichwa. Akaongea tena. Thani akaelekeza kidole kwenye nyumba. Saa mbili ikafika. Nambi alikuwa akisali kimoyomoyo, midomo inacheza. Nikaanza kuvua ushungi, nikauvaa tena.

Kisha Hajar akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Akafungua mlango wa nyuma wa gari la Thani, akakaa ndani, akaufunga. Akakaa tu, mkoba mapajani, anatazama mbele, kama mtu anayengoja dereva wake. Wakabaki hivyo, ndugu wawili waliobaki, hakuna anayegeuka. Mwishowe Thani akapiga honi mara moja, fupi. Hajar akaniashiria kwa mkono.

Tulikwenda chuoni kwa gari la Thani. Njia nzima hakugeuza macho nyuma. Alitushusha mlangoni akasema, "Bismillahi," akaondoka.

Watahini walikuwa watatu. Hajar alikaa mstari wa mwisho. Ramani zilibandikwa ukutani, na alama ya kiatu iko palepale Tavira. Yule mtahini wa nje, mzee mwenye sauti ndogo, aliacha swali lake mwisho.

"Katiba ya 1976 iliyaondoa majimbo ya zamani katika utawala. Kwa hiyo umeandika kurasa mia tatu juu ya kitu ambacho hakipo. Kwa nini?"

Jibu nililoliandaa lilikuwa la tarehe na vifungu. Likanipotea. Nikasema kwamba mwaka ule kilichoondolewa ni cheo na ofisi. Watu waliendelea kwenda sokoni kwa njia ileile, wakivuka milima ileile, na ukimuuliza mtu wa Faro au wa Silves anatoka wapi bado atakujibu Algarve. Nikasema utawala unaweza kumaliza kazi yake na mahali pakabaki, kwa kuwa mahali panashikwa na wale waliokwisha kupazoea, na hao hawaachi kuishi humo kwa sababu karatasi imesema basi. Nikasikia ninachokisema. Nikanywa maji, nikamalizia na vifungu vyangu.

Walitutoa nje. Wakatuita ndani. Nimefaulu, masahihisho madogo, Dakta Hatem anafuta miwani yake.

Ukumbini nilikuwa kama mlevi. Watu wananipongeza, nami naitikia nisichokisikia. Miaka sita Jaifar ndiye aliyekuwa akinileta hapa. Alikuwa akinisubiri chini, garini, amelaza kiti, redio ndogo, na mimi nikimaliza nampigia naye anawasha gari. Vidole vikaenda vyenyewe. Nilikwisha iweka simu sikioni, inaita, ndipo nikajua nimempigia nani.

Na simu ikalia. Ililia ndani ya mkoba wa Hajar.

Nilidhani Thani aliifunga zamani laini ya Jaifar. Hajar akautazama mkoba, akanitazama mimi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekamatwa. Miezi yote hii alikuwa akiichaji, chumbani kwake, bila kuniambia. Akaitoa. Jina langu lilikuwa linawaka kwenye kioo. Nikangoja aikate. Hakuikata. Akaipokea, akaiweka sikioni, ingawa tulikuwa tumesimama karibu kiasi cha kushikana mikono.

"Nimefaulu," nikasema kwenye simu. "Njoo unichukue."

"Naja," akasema wifi yangu. "Nisubiri hapohapo."